Saanane si Saa Nane



Wiki chache zilizopita nilipokea mgeni kutoka Dar. Jamaa ni msomi na ana kazi nzuri, ila Mwanza ilikuwa mara yake ya kwanza. Tukashuka mpaka Capri Point, tukakata tiketi na kuvaa makoti ya kuokolea, tukakaa kwenye boti. Kabla dereva hajawasha injini jamaa akaniuliza, tena kwa sauti, kila mtu kwenye boti akasikia: "Hivi kwa nini wakakiita Kisiwa cha Saa Nane? Kinafunguliwa mchana?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Halafu nikajiuliza: hapa kwenye boti, ni wangapi wanaocheka kwa sababu wanajua jibu, na wangapi kwa sababu wenzao wamecheka? Nimezaliwa Mwanza. Nilisoma hapa mpaka sekondari, na kwa miaka mingi sana mimi mwenyewe niliamini kwamba kuna jambo lilitokea saa nane. Hata vitabu vya wageni vinavyoelekeza watalii vimewahi kuandika jina hilo kwa maneno mawili, Saa Nane, kana kwamba kisiwa kinaning'inia ukutani na kina mishale.

Saanane ni mtu. Alikuwa mvuvi na mkulima, aliishi pale, na jina lake kamili ni Mzee Saanane Chawandi. Leo naomba tumtembelee. Ni matembezi mepesi, hata kama hujafanya mazoezi tangu umalize shule utayaweza.

Tuanze na safari yenyewe, maana najua wengine mnasubiri hilo tu. Kisiwa kiko takriban kilometa 2 kusini magharibi mwa katikati ya jiji. Ukiwa na boti ni dakika chache, hujamaliza kupiga picha tayari umefika. Ndiyo Hifadhi ya Taifa iliyo ndogo kuliko zote Tanzania: kilometa za mraba 2.18, na hapo umejumlisha visiwa vidogo pamoja na maji yanayovizunguka. Linganisha na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kule kusini, yenye zaidi ya kilometa za mraba 30,000. Saanane ungeimega mara elfu kumi na bado Nyerere ingebaki na chenji.

Udogo huo ndio raha yake. Njia zinapita kwenye majani, zinaingia kwenye kivuli cha miti, zinapanda juu ya mawe makubwa ya aina ile ile inayolipa jiji letu sifa ya Jiji la Miamba, halafu zinashuka tena mpaka majini. Raba za kawaida zinatosha. Njiani unakutana na swala pala wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye kivutio. Unakutana na tumbili, ambao wakiona mfuko wako wa karanga basi karanga hizo umezitoa sadaka. Pimbi wamejilaza kwenye mwamba wakiota jua. Yupo pia yule mjusi mwenye kichwa na mabega ya rangi nyekundu ya kuelekea zambarau na mwili wa buluu, anayefanya watoto wapige kelele kwa furaha. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae. Umeliona hilo jina? Mji wetu umo ndani ya jina la mjusi. Kando ya maji kuna matete, kuna kenge na ndege, na kuna mamba pia, kwa hiyo usijifanye shujaa ukaingiza miguu majini.

Kwa mwendo wa pole saa mbili zinatosha, na kupumzika mwambani na kulitazama jiji humo humo. Ukiwa kule juu unaona nyumba za Mwanza zilivyopanda vilima mpaka kileleni, moja juu ya mgongo wa nyingine. Unasikia honi za magari kwa mbali huku nyuma yako swala anatafuna majani. Si rahisi kupata mahali pengine pa namna hiyo karibu hivyo na katikati ya mji.

Haya, sasa tumrudie mzee wetu.

Mwaka 1964 serikali ilikichukua kisiwa ili pawe bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Mzee Saanane alilipwa fidia akahama. Jina lake likabaki.

Ni sentensi tatu tu, na ukisoma maelezo ya kisiwa popote utakuta kitu kama hicho: aliishi, akalipwa, akahama. Baada ya hapo habari inarukia wanyama. Mimi nilipozisoma mara ya kwanza nilizipita haraka kama kila mtu. Lakini ukiwa unatembea kwenye njia zile huwezi kuzipita haraka hivyo. Mvuvi anayelima anahitaji njia: toka mahali anapouvuta mtumbwi mpaka nyumbani, toka nyumbani mpaka shambani, toka shambani mpaka majini tena. Kwenye kisiwa cha mawe matupu namna ile, mahali pa kukanyaga ni pachache, miamba yenyewe ndiyo inayokuchagulia. Siwezi kukuapia kwamba njia niliyopita na mgeni wangu ndiyo aliyopita Mzee Saanane akiwa na nyavu begani. Ila tulipofika kwenye mwanya kati ya mawe mawili, mahali ambapo hata ukitaka kupita kwingine hakuna, nilisimama kidogo.

Kwa nini 1964? Turudi nyuma kidogo. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, ulifanyika mkutano mkubwa wa uhifadhi pale Arusha. Mwalimu Nyerere alitoa tamko ambalo kiini chake ni kwamba wanyamapori ni amana, na kwamba serikali ya Waafrika itawalinda kwa ajili ya wajukuu. Hiyo ndiyo Ilani ya Arusha, usiichanganye na Azimio la Arusha la 1967. Ulaya walikuwa na hofu kwamba wakoloni wakiondoka, pori litakwisha. Nchi changa ikataka kuonyesha kwamba inaweza, na ikaonyesha kweli. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Wanyamapori Mweka. Mwaka 1964, ule ule wa Saanane, Mikumi na Ruaha zikawa hifadhi za taifa.

Ila kuna kitu tulikirithi tayari kikiwa kimeiva: wazo kwamba ili wanyama wakae, watu watoke. Wamasai walishaondolewa Serengeti mwaka 1959, mkoloni akiwa bado kwenye kiti. Wazo lile lilivuka Uhuru bila kuulizwa pasipoti. Kwa hiyo Mzee Saanane hakuwa wa kwanza, na katika orodha ya waliohama kupisha wanyama yeye ni mmoja kati ya wengi mno.

Bustani ikafunguliwa. Nyati, pofu, nyumbu, pundamilia na wengine wakavushwa maji kuletwa kisiwani. Lengo halikuwa baya hata kidogo. Mtoto wa Mwanza wa wakati ule angefikaje Serengeti? Serengeti iko jirani, lakini jirani kwa mwenye gari. Saanane ilimletea mtoto huyo pori mpaka mlangoni. Kisiwa kilitumika pia kama kituo cha kuwaweka wanyama kabla ya kupelekwa Rubondo, na Rubondo tutafika sasa hivi.

Mama yangu alikwenda Saanane akiwa darasa la tano, miaka ya themanini. Nilipomuuliza anakumbuka nini, hakutaja uzuri wa ziwa. Alisema anamkumbuka nyati mmoja aliyesimama nyuma ya uzio bila kusogea, muda wote walipokuwa pale, mpaka mtoto mmoja akasema huyu si mzima, huyu ni wa sanamu. Halafu nyati akapiga masikio, na darasa zima likakimbia.

Jioni alirudi nyumbani akamsimulia bibi kila kitu: boti, nyati, mwalimu aliyetapika kwa mawimbi. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na yule mzee mwenyewe, walimpeleka wapi?"

Mama hakujua kama kuna mzee. Hakuna aliyewaambia. Anasema ndiyo siku aliyojua kwamba Saanane si saa.

Sasa panda boti kubwa zaidi twende mbali kidogo.

Upande wa kusini magharibi mwa ziwa, Mkoa wa Geita, kuna kisiwa kinachoitwa Rubondo. Zamani kufika huko kutoka Mwanza kwa barabara ulikuwa unakaa foleni ya kivuko pale Kigongo mpaka unaijua majina familia ya muuza mahindi. Tangu Juni 2025 kuna daraja, la John Pombe Magufuli, takriban kilometa 3 juu ya maji, unavuka kabla hujamaliza soda. Unapita Geita, unaelekea upande wa Chato, halafu unachukua boti. Wenye nazo wanaruka kwa ndege ndogo.

Rubondo si ya saa mbili. Kisiwa chenyewe kina kilometa za mraba zipatazo 237, na ukiongeza maji na visiwa vidogo hifadhi yote inafika 457. Sehemu kubwa ni msitu, ule msitu wa kweli wenye miti iliyofungamana na kamba za porini. Na pale msitu unapoishia, kwenye ghuba ndogo ndogo, unaanza unyevu: mafunjo na matete, na tope linalomeza kiatu. Huko ndiko kwa nzohe, yule mnyama wa jamii ya swala mwenye kwato ndefu zilizopanuka ili asizame kwenye kinamasi. Akitishwa anaingia majini na kuacha pua tu nje. Kuna viboko, mamba na fisi maji, na ndege wa aina zaidi ya 200. Simba hayupo, chui hayupo. Ndiyo maana kutembea kwa miguu ndiyo njia kuu ya kuiona Rubondo, ukiwa na askari wa hifadhi, maana tembo wapo na tembo hasomi ratiba yako. Kilele kirefu kabisa hakifiki hata meta 400 juu ya usawa wa ziwa. Tatizo ni joto na mbung'o tu, kupanda hakukuchoshi.

Mjerumani alishaifanya Rubondo msitu wa akiba enzi zake. Mwaka 1965 ikawa pori la akiba, na mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Na hapa ndipo historia inapofanya kichekesho ambacho mtu angekitunga ungemwambia amezidisha.

Saanane imefunguliwa 1964, wanyama wa porini wanaingizwa kwenye uzio. Miaka miwili tu baadaye, ziwa lile lile, kisiwa kingine, wanyama wa vizimbani wanaachiwa porini.

Nani hao? Sokwe. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliachiwa Rubondo kwa awamu nne. Walitoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na maonyesho. Wengi wao walikamatwa wakiwa watoto huko Afrika Magharibi, wakasafirishwa Ulaya, wakakaa kwenye vizimba, wengine kwa miaka mingi. Aliyesimamia mpango huo ni Profesa Bernhard Grzimek na shirika lake la zoolojia la Frankfurt, yule yule aliyeipa Serengeti jina duniani kwa kitabu na filamu mwaka 1959. Na kazi yake ya mshahara ilikuwa nini? Mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt! Mtu wa vizimba ndiye aliyefungua vizimba.

Sokwe hawakupewa mafunzo yoyote. Masanduku yalifunguliwa ufukweni wakaambiwa, haya, msitu huo. Wengi walidhani watakufa. Baadhi ya madume, waliokwisha kuzoea binadamu na hawakuwa na woga nao, walishambulia watu wakapigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza. Walijua matunda yapi yanaliwa, wakajenga viota juu ya miti kama sokwe wa kuzaliwa porini, wakazaa. Wajukuu na vitukuu wao wako kule mpaka leo, na miaka ya karibuni unaweza kuwafuata kwa miguu msituni ukiwa na askari. Mbega, twiga na tembo nao waliletwa, wakabaki. Faru weusi waliletwa pia, na hawapo tena. Majangili hawakusubiri.

Kila ninapoisimulia habari ya sokwe watu hufurahi, na mimi hufurahi pia. Mnyama aliyeibwa akiwa mtoto, akarudishwa Afrika, akakumbuka jinsi ya kuwa sokwe: nani asiyeipenda hadithi hiyo? Imeandikwa kwenye majarida ya sayansi, imepigwa filamu. Tunajua waliachiwa wangapi na awamu ngapi, madume wangapi, majike wangapi.

Lakini Rubondo haikuwa tupu. Kulikuwa na watu, wavuvi na wakulima, wengi wao wakitajwa kuwa Wazinza. Pori la akiba lilipotangazwa wakahamishwa, wakaenda visiwa vingine na bara. Mashamba yao yakarudi kuwa msitu. Sasa fungua maelezo yoyote ya kawaida kuhusu Rubondo, ya kuwavutia watalii, utafute jina moja tu la mtu aliyeishi pale. Sokwe tumewahesabu mmoja mmoja. Watu tunasema "wakazi".

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Saanane, pamoja na udogo wake, ina kitu ambacho Rubondo haina.

Hebu tazama ramani ya ziwa letu. Ziwa lenyewe: tarehe 3 Agosti 1858 John Hanning Speke alifika upande huu wa Mwanza, akaliona, akalipa jina la malkia wake, Victoria, ambaye hakuwahi kulitia mguu. Wasukuma walikuwa tayari wanaliita nyanza, lakini nani aliuliza. Ghuba iliyo kaskazini mashariki mwa Mwanza ni Ghuba ya Speke, na yeye amepata yake. Ghuba inayoizunguka Rubondo ina jina la Emin Pasha, Mjerumani aliyekuwa gavana wa Misri kule Ikweta. Jiwe letu maarufu pale ufukweni, lile la kwenye kadi zote za posta, tunaliita la Bismarck, kansela wa Berlin. Hata baada ya Uhuru tumeendelea na wakubwa: daraja lina jina la rais, kuna hata samaki wa jamii ya furu katika Ghuba ya Mwanza, Pundamilia nyererei, ambaye wanasayansi walimpa jina la Mwalimu mwaka 1985. Sina ugomvi na hilo, Mwalimu anastahili samaki, na hifadhi yake pia.

Katikati ya malkia, kansela, wapelelezi na marais, kuna hifadhi ya taifa, inayotajwa kwenye Gazeti la Serikali na kulipiwa viingilio, yenye jina la mvuvi. Hakuwa chifu wala hakuwa mpigania uhuru anayejulikana. Alikuwa na mtumbwi na shamba.

Usinielewe vibaya. Jina halikuwa tuzo, naona lilibaki kwa mazoea tu. Watu wa Mwanza walizoea kusema "kule kwa Saanane", kama tunavyosema kwa Msuguri au kwa Mama Nanii, na serikali ilipokuja ikakuta kisiwa kina jina tayari. Midomo ya watu ndiyo iliyomhifadhi mzee, na midomo hiyo hiyo ndiyo inayomfuta sasa, kila tunapomgeuza kuwa saa.

Kuna rafiki yangu, mtu wa mazingira, tukibishana haya huniambia: "Sasa ulitaka Mzee Saanane abaki? Angebaki, leo kile kisiwa kingekuwa hoteli ya mtu." Na anasema kweli. Tazama vilima vya Mwanza, tazama Capri Point yenyewe, kila mwamba wenye mandhari umejengwa. Mwaka 1991 Saanane iliinuliwa kuwa pori la akiba, mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, na hizo karatasi ndizo zilizozuia zege. Swala yule anayetafuna majani huku akisikia honi za daladala yuko pale kwa sababu mwaka 1964 mtu mmoja aliondoka.

Mimi namjibu hivi: sawa kabisa, basi tuseme hivyo hivyo. Tuseme kwamba uzuri huu una aliyeulipia. Msitu wa Rubondo una walioulipia. Kukiri deni hakukati mti hata mmoja.

Halafu kuna ziwa lenyewe, ambalo halijali mpaka wa mtu. Kati ya 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa, maji yalipanda zaidi ya meta 2. Kwa hiyo Mzee Saanane aliondoka wakati ziwa liko juu kuliko watu wa kizazi chake walivyowahi kuliona. Mwaka 2006 likashuka mpaka mialo ikabaki nchi kavu. Mei 2020 likapanda tena, likapita hata alama ya 1964, nyumba na mashamba kandokando yakafikiwa. Ardhi oevu ile unayoiona leo ukingoni, yenye matete na ndege waliosimama mguu mmoja, huhamahama pamoja na maji. Ukirudi baada ya miaka kumi huenda utakanyaga mahali ambapo leo ni maji, au utaogelea mahali unapokanyaga leo. Mamba akikuruhusu.

Kwa hiyo, ukienda, nina maombi machache. Nenda asubuhi, kabla mawe hayajashika moto. Beba maji ya kunywa na urudi na chupa yako. Tembea taratibu, njia ni fupi, ukikimbia utaimaliza kabla hujaanza. Usiwape tumbili chakula hata wakikupigia magoti. Mkifika gatini, kabla hata ya picha ya kwanza, waambie ulionao: hapa ni kwa Mzee Saanane Chawandi. Ni sekunde tano. Kama una watoto, waambie wao kwanza, kwa sababu watoto hawasahau. Mama yangu hajasahau mpaka leo.

Ombi la mwisho ni zito kidogo, na ndilo lililonifanya niandike. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Rubondo ilipotangazwa pori la akiba mwaka 1965, leo amevuka sabini. Wapo bado, Geita, Chato, Sengerema, Muleba, huko visiwani. Wanajua kijiji kiliitwaje, mwalo ulikuwa upande gani, nani alizikwa wapi. Baada ya miaka kumi hatutakuwa na wa kumuuliza.

Kama babu yako au bibi yako alizaliwa Rubondo, kaa naye jioni moja. Chukua simu yako, iwashe irekodi, muulize njia zilipita wapi. Sihitaji mambo makubwa, nahitaji majina tu. Halafu niandikie, nitapanda basi nije.

Bibi yangu alishafariki, na swali lake sijaweza kulijibu. La Rubondo bado linajibika.

Tuko pamoja.